Konstantin Tsiolkovsky: mwalimu kiziwi aliyepiga hesabu ya roketi

Kurasa hizi za watu maarufu kwa kawaida huwa ni za wanasiasa, washairi na wapigania uhuru. Safari hii mtuwie radhi, sisi wa uhandisi tumeomba nafasi. Nataka kuwasimulia maisha ya mwalimu mmoja wa hesabu wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky. Mzee huyu hakurusha roketi hata moja maishani mwake, lakini kila roketi inayoruka leo inatii hesabu aliyoiandika yeye.

Habari zake husimuliwa sana kama ngano: eti alikuwa maskini, kiziwi, hana digrii, akajifungia chumbani peke yake, akavumbua safari za anga za juu. Sehemu kubwa ni kweli. Lakini ukizifuatilia vizuri utaona jambo ambalo sisi tuliopo kwenye vyuo vya ugenini inafaa tulifikirie. Ule upweke haukumsaidia kitu. Ulimchelewesha. Kilichomsaidia ni vitabu, na watu wachache waliompa vitabu.

Mtoto aliyepoteza masikio

Alizaliwa tarehe 17 Septemba 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, jimbo la Ryazan, kusini mashariki ya Moscow. Baba yake, Eduard, alikuwa Mpolandi aliyeajiriwa katika kazi za misitu. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na pesa kidogo. Akiwa na umri wa miaka kama 10 alishikwa na homa kali, ile inayoitwa homa nyekundu. Akapona, lakini masikio hayakupona. Kuanzia hapo alisikia kwa shida mno. Mwaka 1870 mama yake, aliyekuwa akimfundisha kusoma na kuandika na kumpa moyo, akafariki.

Shule ikamshinda, si kwa akili bali kwa sababu hakumsikia mwalimu. Hakuna aliyemwekea utaratibu wowote. Akabaki nyumbani na vitabu vichache vya baba yake vya hesabu na sayansi, akajifundisha mwenyewe ukurasa kwa ukurasa. Kila akisoma jambo, alitaka alijaribu kwa mikono: alitengeneza vifaa vya kupimia umbali, vigari na mashine ndogo ndogo.

Mwaka 1873, kijana akiwa na miaka 16, baba yake akampeleka Moscow akasome. Hakuingia chuo chochote. Alikaa huko miaka mitatu, na chuo chake kikawa maktaba ya Chertkov, ambayo ilikuwa wazi kwa watu wote bila malipo. Hapo alikuwepo mkutubi mmoja, Nikolai Fyodorov, mtu wa maisha ya kawaida kabisa ambaye baadaye alijulikana kama mwanafalsafa. Fyodorov alimwona huyu kijana aliyekonda, asiyesikia, akawa anamtafutia vitabu. Fedha kidogo aliyotumiwa na baba yake kijana aliimalizia kwenye vitabu na kemikali za majaribio, huku akila mkate mweusi na maji. Wanafunzi wenzangu mnaojua maisha ya mwisho wa mwezi ugenini hamhitaji maelezo zaidi! Basi alisoma fizikia, kemia, astronomia na hesabu za juu, mpaka afya ikaanza kudhoofika na baba yake akamrudisha nyumbani mwaka 1876.

Hesabu iliyokwisha kupigwa

Mwaka 1879 alifanya mtihani wa ualimu akafaulu, na mwaka 1880 akapangiwa shule ya wilaya katika mji mdogo wa Borovsk, kufundisha hesabu. Mwaka huo huo alimwoa Varvara Sokolova, wakajaliwa watoto saba. Kwa kuwa hakusikia vizuri, alijitengenezea pembe za bati za kuweka sikioni, na wanafunzi walimpenda kwa sababu masomo yake yalijaa majaribio.

Usiku alifanya utafiti wake. Mwaka 1881 alituma St. Petersburg, kwenye chama cha wanafizikia na wanakemia wa Urusi, makala juu ya nadharia ya mwendo wa gesi. Ilikuwa kazi nzuri. Tatizo ni kwamba mambo hayo yalikuwa yamekwisha gunduliwa Ulaya zaidi ya miaka 20 nyuma, naye hakuwa na habari. Wanasayansi wa kule hawakumcheka. Waliona kipaji, wakamtia moyo aendelee. Lakini fikiria mwenyewe: miezi na miezi ya kazi ya usiku, kumbe jibu limo kwenye kitabu kilichopo rafuni katika mji mwingine. Hapa ndipo ninaposema upweke ulimchelewesha.

Mwaka 1883 aliandika daftari moja kuhusu maisha mahali pasipo na uzito wala upepo wala ardhi ya kukanyaga. Akajiuliza: mtu akiwa huko, hana cha kushika wala cha kusukuma, atasogeaje? Akajibu kwa mfano wa pipa lililojaa gesi iliyoshindiliwa. Fungua bomba lake upande mmoja, gesi itoke, na pipa litakwenda upande wa pili. Hapo ndipo mbegu ilipopandwa.

Mawe ndani ya ngalawa

Sasa tuache maisha yake kidogo tuingie kwenye hesabu yenyewe. Wasio watu wa sayansi msikimbie, ni nyepesi.

Momenta ni masi ya kitu mara kasi yake. Kanuni inasema kwamba vitu vikisukumana vyenyewe kwa vyenyewe, bila kani ya kutoka nje, jumla ya momenta haibadiliki. Chukua ngalawa imetulia kwenye maji shwari, na tuyasahau maji yanayoizuia. Ngalawa pamoja na mtu aliyemo ni kilo 100. Ndani mna mawe 10, kila moja kilo 10. Jumla kilo 200. Mtu anarusha jiwe la kwanza nyuma, likimwacha kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Ngalawa inakwenda mbele kwa mita 0.25 kwa sekunde. Haikusukumwa na upepo wala na maji, imesukumwa na jiwe.

Anarusha la pili, la tatu, mpaka la kumi. Jiwe la kumi ni lile lile la kilo 10, na mkono ni ule ule, lakini linaongeza kasi ya mita 0.45, karibu mara mbili ya jiwe la kwanza. Kwa nini? Kwa sababu ngalawa imekuwa nyepesi. Jumla ya mawe yote kumi inatoa kasi ya kama mita 3.34. Angeyafunga yote kwenye gunia akalirusha mara moja kwa kasi ile ile, angepata mita 2.5 tu. Na kama angeyasaga yawe mchanga akaurusha punje kwa punje, angefika karibu mita 3.47. Roketi ndiyo hiyo ngalawa, na gesi ya moto inayotoka mkiani ndiyo mchanga wenyewe.

Ndipo watu wengi wanapokosea, hata walio madarasani. Wanadhani roketi inasukuma hewa iliyo nyuma yake, kwa hiyo mahali pasipo na hewa itakwama. Hata mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli Mmarekani Robert Goddard kwa kosa hilo hilo, likaja kujisahihisha Julai 1969 watu wakiwa njiani kwenda mwezini. Kosa la pili ni la wanafunzi wa fizikia: wanachukua kanuni ya Newton, wanaiandikia roketi peke yake ambayo masi yake inapungua, na wanaisahau gesi iliyokwisha toka. Jibu linapotoka. Lazima uhesabu vyote viwili, kilichobaki na kilichotupwa, kwa sababu kilichotupwa kimeondoka na momenta yake. Mrusi mwingine, Ivan Meshchersky, aliliweka sawa jambo hili kwa mifumo yote ya masi inayobadilika katika tasnifu yake ya mwaka 1897.

Mwaka huo huo wa 1897 Tsiolkovsky, sasa akiwa mwalimu mjini Kaluga alikohamia mwaka 1892, aliandika kwenye karatasi zake hesabu ya roketi:

V = u × ln (M ÷ m)

V ni kasi ambayo roketi inaipata. u ni kasi ya gesi inapoiacha roketi. M ni masi ya mwanzo pamoja na mafuta, m ni masi inayobaki mafuta yakiisha, na ln ni logi asilia, ile iliyopo kwenye kalkuleta yako.

Kwa haki, si yeye wa kwanza duniani kuipata. Mwingereza William Moore wa Woolwich aliifikia mapema katika karne ya 19 alipokuwa akichunguza roketi za vita. Tofauti ni kwamba Tsiolkovsky aliiuliza swali ambalo mwenzake hakuwa nalo: je, kwa njia hii mtu anaweza kuondoka duniani?

Jibu la ile hesabu

Jibu ni ndiyo, ila kwa gharama kubwa. Itazame ile logi. Kama roketi yenye mafuta ina masi mara 2 ya roketi tupu, utapata kasi ya 0.69 ya kasi ya gesi. Ikiwa mara 4, utapata 1.39. Mara 8, 2.08. Mara 16, 2.77. Yaani kila ukizidisha mzigo maradufu, unaongezewa kiasi kile kile cha 0.69, basi. Unabeba mafuta ya kubebea mafuta mengine.

Kuzunguka dunia karibu na ardhi kunahitaji kasi ya kilomita 7.8 hivi kwa sekunde. Ukijumlisha hasara za kupanda juu na kupasua hewa, inafika kama 9.3. Tuseme gesi inatoka kwa kilomita 3 kwa sekunde, kiasi cha mafuta ya taa na oksijeni. Piga hesabu: M gawanya kwa m inakuja karibu 22. Kati ya tani 22 zinazoondoka ardhini, inafika tani 1, na humo ndani ya tani hiyo kuna matangi, injini na kila kitu. Abiria atakaa wapi?

Tsiolkovsky aliona milango miwili ya kutokea. Wa kwanza ni kuongeza u: tumia hidrojeni na oksijeni katika hali ya kimiminiko badala ya baruti. Leo mchanganyiko huo unatoa gesi kwa kama kilomita 4.4 kwa sekunde, na ile 22 inashuka hadi kama 8. Alipendekeza jambo hilo wakati hakuna mtu aliyewahi kurusha roketi ya mafuta ya maji. Mlango wa pili, aliouchapisha mwaka 1929, ni treni ya roketi: unganisha roketi kadhaa, inayokwisha mafuta itupwe pamoja na tangi lake, wenzake waendelee wakiwa wepesi. Ni ile ile hekima ya ngalawa, usibebe usichokihitaji.

Karatasi zisizosomwa

Makala yake kubwa, juu ya kuchunguza anga za juu kwa vyombo vya roketi, ilitoka mwezi Mei 1903 katika jarida la sayansi la St. Petersburg, Nauchnoye Obozreniye. Mngetarajia dunia itikisike. Haikutikisika. Mhariri wake, Mikhail Filippov, alifariki muda mfupi baadaye ndani ya maabara yake, jarida likafa naye, na sehemu ya pili ya makala ikakosa mahali pa kutokea. Ilichapishwa mwaka 1911 na 1912 katika jarida la mambo ya kuruka, na hapo kidogo watu wakaanza kumsikia.

Nyumbani nako mambo yalikuwa mazito. Mwaka 1902 mwanawe Ignaty, aliyekuwa mwanafunzi Moscow, alijitoa uhai. Mwaka 1908 mto Oka ulifurika, maji yakaingia ndani ya nyumba yake na kuharibu karatasi nyingi. Kabla ya hapo, mwaka 1887, moto ulikwisha mchomea nyingine Borovsk. Alijenga bomba kubwa la kupulizia upepo ili kupima maumbo ya vyombo vinavyoruka, likiwa la mwanzo mwanzo kabisa Urusi, na kwa utafiti huo Chuo cha Sayansi kilimpa rubo 470. Huo ndio msaada wa maana alioupata enzi za mfalme. Vijitabu vyake vingi alivichapisha kwa mshahara wake wa ualimu.

Tusimfanye malaika. Alikuwa na fikra za ajabu pia. Aliandika kwamba binadamu wachaguliwe nani azae na nani asizae ili kizazi kiwe bora, fikra ambazo karne ya 20 ilituonyesha zinakopeleka watu. Mtu anaweza kuwa sahihi kabisa kwenye momenta na akapotoka kwenye utu, na kanuni ikabaki kuwa kanuni.

Baada ya mapinduzi ya 1917 hali ilibadilika polepole. Mwaka 1921 serikali ilimpa pensheni ya maisha. Mwaka 1923 Hermann Oberth alichapisha Ujerumani kitabu chake juu ya roketi kwenda angani, akiwa amefika kwenye hesabu zile zile bila kumjua Tsiolkovsky. Goddard naye alikuwa amekwisha fika huko Marekani mwaka 1919. Watatu, nchi tatu, kila mmoja akirudia kazi ya mwenzake! Mwaka 1924 mzee alichapisha upya makala yake ya 1903 ili kuonyesha kwamba alitangulia, na ndipo nchi yake nayo ikaanza kumtaja kwa fahari.

Mwaka 1923 vile vile, mvulana wa miaka 15 wa Odessa, Valentin Glushko, alimwandikia barua akimwomba vitabu vyake. Mzee akamjibu, akamtumia. Huyo mvulana alikua akawa mbunifu wa injini za roketi ya R-7, iliyotengenezwa chini ya Sergei Korolev. Tarehe 4 Oktoba 1957, chini ya mwezi mmoja baada ya kutimia miaka 100 tangu Tsiolkovsky azaliwe, roketi ya aina hiyo iliipeleka Sputnik angani. Yeye mwenyewe hakuiona. Alifariki Kaluga tarehe 19 Septemba 1935 kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 78. Mwaka 1961 Yuri Gagarin alikwenda Kaluga kuweka jiwe la msingi la makumbusho yanayobeba jina lake.

Na pwani yetu imo

Msidhani hesabu hii ni ya Warusi na Wamarekani peke yao. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa roketi ya hatua nne, treni ya mzee Tsiolkovsky hasa: moja inakwisha inaachwa, nyingine inawaka. Juu yake ilibeba satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengenezwa maalumu kwa kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Kwa nini Malindi? Sababu moja ni ile ile hesabu ya kasi. Karibu na ikweta dunia yenyewe inazunguka kwa mita 465 hivi kwa sekunde kuelekea mashariki, na kasi hiyo unapewa bure kabla hujachoma tone la mafuta. Jukwaa lile, la Waitaliano, lilirusha satelaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Wavuvi wa pale waliona kwa macho yao kile ambacho mwalimu wa Kaluga alikiona kwenye karatasi tu.

Basi ndugu zangu, mtu akikusimulia habari za fundi wa ajabu aliyejifungia chumbani, mkumbushe na mkutubi wa Moscow, na makala ya 1881 iliyochelewa miaka 20, na barua ya mvulana wa Odessa. Maktaba tulizonazo hapa zina kila kitu ambacho yeye alikosa, na kadi ya kuingilia tumepewa. Wengi wetu tunapata ujumbe kutoka nyumbani, mdogo wako wa kidato cha tano anaulizia kitabu cha fizikia, au anataka umweleze swali lililomshinda. Tuwajibu. Haichukui muda, na hujui yupi kati yao atatengeneza injini.

Ni hayo tu kwa leo. Mitihani njema.